Sungura Wadogo wa Sufu: Kuwachana, Kuwazalisha na Kuwapeleka Maonyeshoni

Watu wengi wakisikia jina la Ndera, huko mashariki ya jiji la Kigali, hukumbuka kwanza hospitali kubwa ya magonjwa ya akili iliyoasisiwa na Mabruda wa Upendo, ambayo ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1972. Wengine siku hizi hukumbuka viwanda vya Masoro. Lakini Ndera ni mahali pa wafugaji wadogo pia, na miongoni mwa mifugo yao wamo sungura, au inkwavu kama waitwavyo kwa Kinyarwanda, wakikaa katika vizimba vya mbao nyuma ya nyumba. Hufugwa kwa nyama na kwa mbolea ya bustani, na kazi hiyo ni njema. Viwanja vinapungua kadiri jiji linavyopanuka, na mahali pasipomtosha ng'ombe mmoja, sungura sita watakaa kwa raha.

Leo twataka kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jamaa mwingine wa sungura hao, yule mdogo mwenye sufu, ambaye hafugwi kwa ajili ya chungu. Hufugwa kwa uzuri wake na kwa tuzo za maonyesho. Kuna atakayeuliza kwa nini mtu apoteze wakati wake kwa mnyama wa namna hiyo. Jibu letu ni kwamba nyumba haiishi kwa chakula peke yake, na kijana aliyejifunza kumtunza sungura wa sufu pasipo kumwua amejifunza mambo mengi ya ufugaji ambayo yatamfaa siku akifuga mbuzi au ng'ombe. Tena hapana budi kusema mapema kwamba mnyama huyu ana gharama mbili zilizofichika, moja katika sufu yake na moja katika udogo wake. Zote mbili huua. Mwenye kuzijua hufuga kwa amani.

Sungura wa sufu aliye maarufu kuliko wote ni Angora, na jina lake latokana na mji wa Ankara katika Uturuki. Huyo ni mkubwa. Angora wa Kijerumani aweza kutoa zaidi ya kilo moja ya sufu kwa mwaka, na sufu hiyo ndiyo mali yake. Lakini ni sufu nyingi na laini mno, nayo hushikamana upesi ikisahauliwa, na kwa mtu mwenye zamu za usiku au mama mwenye watoto wanne ni mzigo usio mdogo.

Ndiyo sababu huko Marekani, katika miaka ya 1970, mfugaji mmoja wa jimbo la New Jersey, Bonnie Seeley, alianza kuwachanganya Angora wa Kifaransa na sungura vibeti waitwao Netherland Dwarf, ambao asili yao ni Uholanzi. Alitaka mnyama mwenye sufu, lakini awe mdogo, mpole na mwepesi kutunzwa. Mwaka 1984 aliwaonyesha hadharani, na mwaka 1988 Chama cha Wafuga Sungura wa Marekani, ambacho kiliasisiwa mwaka 1910, kiliikubali aina hiyo kwa jina la Jersey Wooly. Mwaka huo huo ilikubaliwa American Fuzzy Lop, ambaye masikio yake hulala pande mbili za kichwa. Lionhead, mwenye shada la manyoya shingoni mfano wa simba, asili yake ni Ubelgiji, naye alikubaliwa Marekani mwaka 2014.

Jersey Wooly ndiye tutakayemtumia kama kielelezo, kwa kuwa sifa zake zimeandikwa wazi. Uzito wake hautakiwi kuzidi ratili 3 na nusu, yaani kama kilo 1 na gramu 600. Kichwa chake ni cha mviringo, masikio mafupi yaliyosimama, mwili mfupi uliojaa. Usoni hana sufu ndefu. Ya mwilini ina nywele ndefu zenye nguvu kidogo, nyingi kuliko zile laini za chini, na hilo ndilo linaloizuia isisokotane kama ya Angora.

Sasa tutazame hali ya hewa, kwa maana watu wengine hudhani kwamba mnyama wa sufu ni wa nchi za theluji tu. Sungura hupendelea baridi ya wastani, nyuzi 15 hadi 20 hivi za Sentigredi. Joto likipita nyuzi 30 yumo hatarini, kwa sababu hana jasho la kumpoza kama sisi, na masikio yake ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya kutoa joto. Mfugaji wa Mombasa au Dar es Salaam angepata taabu kubwa na mnyama mwenye blanketi mwilini mwaka mzima. Kigali iko juu, kiasi cha mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na usiku wake ni wa kupendeza. Kwa upande wa joto, basi, Ndera haina ubaya, mradi kizimba kiwe kivulini na upepo upite bila kuvuma moja kwa moja juu ya mnyama.

Taabu ya Ndera iko kwingine. Wakati wa kiangazi, hasa Juni hadi Agosti, vumbi jekundu huingia kila mahali, na sungura mweupe aliyefugwa karibu na barabara ya udongo hugeuka rangi ya tofali. Wakati wa mvua za masika na za vuli, unyevu hukaa ndani ya sufu, ngozi ikawasha na kupata ukungu, na nzi wakaona sufu iliyochafuka kwa mkojo kuwa mahali pa kutagia mayai yao. Funza wakishaanza chini ya mkia, mnyama aweza kufa kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mwinue sungura wako juu ya ardhi, mpe sakafu ya waya ipitishayo uchafu pamoja na kipande cha ubao laini cha kupumzishia miguu, na mtazame chini ya mkia kila siku wakati wa mvua. Kutazama tu hakuchukui dakika moja.

Tuje kwenye chanuo. Askari hahitaji kuelezwa kwamba gwaride la ukaguzi haliandaliwi asubuhi ya ukaguzi. Sufu nayo ni hivyo hivyo. Anayemchana sungura kwa saa tatu siku moja kabla ya maonyesho huing'oa sufu yote aliyokuwa akiitafuta. Anayemchana dakika kumi, mara mbili kwa wiki, hufika uwanjani na mnyama aliyekamilika. Vijana wa miezi miwili hadi sita huhitaji zaidi, kwa kuwa sufu yao ya utotoni ni laini na hushikana upesi kuliko ya wakubwa. Na kila baada ya miezi mitatu hivi, sufu ikianza kutoka yenyewe, chana kila siku mpaka imalizike.

Vyombo ni vichache: chanuo la chuma lenye meno yaliyoachana, mkasi wenye ncha butu, gunia safi la kutandika juu ya meza ili mnyama asiteleze, na aproni, kwa maana sufu itakushika mpaka kwenye nyusi. Mweke sungura juu ya gunia, shika sehemu za nyuma barabara. Sungura anayeshtuka na kurusha miguu aweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe, na usimwinue kwa masikio hata kama ulimwona babu yako akifanya hivyo. Anza nyuma, karibu na mkia. Puliza kwa mdomo mpaka sufu igawanyike na uone ngozi, kisha chana kuanzia hapo kwenda nje, sehemu baada ya sehemu, ukielekea kichwani. Wenzetu wa ng'ambo hutumia mashine za kupuliza hewa zinazotoa vumbi na sufu iliyolegea. Pumzi yako yatosha kwa sungura wawili au watatu.

Mafundo hujificha kwapani, nyuma ya masikio, chini ya kidevu na kati ya miguu ya nyuma. Ukilikuta, usilivute. Ngozi ya sungura ni nyembamba kama karatasi na huchanika bila mnyama kutoa sauti. Lifungue kwa vidole, taratibu, ukilegeza nywele chache chache. Lisipofunguka, pitisha chanuo kati ya ngozi na fundo, ndipo ukate juu ya chanuo, ili mkasi usiikute ngozi.

Usimwogeshe. Twalirudia neno hili kwa sababu mtu akiona vumbi jekundu juu ya sufu nyeupe mkono wake hukimbilia ndoo ya maji. Sungura akiloweshwa hushikwa na hofu kubwa, na sufu yake hukauka polepole mno. Uchafu mdogo mpanguse kwa kitambaa chenye unyevu. Palipo na madoa, nyunyiza unga laini wa wanga wa mahindi, sugua kwa vidole, kisha uchane mpaka unga wote utoke. Mwamuzi akikuta unga ndani ya sufu atadhani umeficha kitu, naye aweza kukutoa mashindanoni. Siku hiyo hiyo mtazame meno, kama ya juu yanakutana sawasawa na ya chini, na umkate kucha, ukijihadhari na mshipa wa damu unaoonekana kwa wekundu ndani ya kucha nyeupe.

Sufu inayotoka kwenye chanuo usiitupe. Hujaza mito midogo, na mwenye mikono ya ustadi aweza kuisokota uzi. Lakini ichukuliwe ile iliyokwisha legea yenyewe. Mwaka 2013 picha za sungura wa Angora waking'olewa sufu wakiwa hai huko China zilienea duniani, nayo maduka makubwa ya nguo ya Ulaya yakaacha kununua sufu hiyo. Hasara waliipata wafugaji wema na wabaya pamoja.

Hapo ndipo twafikia gharama ya kwanza iliyofichika. Sungura hujilamba kama paka, lakini paka akimeza nywele huzitapika, na sungura hawezi kutapika kabisa. Nywele zilizomezwa hazina budi kupita njia moja tu. Tumbo likifanya kazi vizuri, hupita. Tumbo likizubaa kwa kukosa nyasi na maji, nywele hukusanyika pamoja na chakula na kuwa donge. Dalili ya mwanzo huonekana chini ya kizimba: kinyesi huwa kidogo kidogo, tena punje zake zimeunganishwa kwa nywele kama tasbihi. Dalili ya pili ni mnyama kuacha chakula. Wako wanaompa papai, nasi hatuwakatazi, ila kitu kinachosukuma tumbo ni nyasi kavu na maji. Nyasi ziwe mbele yake usiku na mchana, chakula cha punje kiwe cha kupimwa. Wafugaji wengi wa aina hizi humpa siku moja kwa wiki ya nyasi na maji tu, bila punje, tumbo lipate kujisafisha. Sungura aliyepitisha nusu siku bila kula kitu si wa kungojewa hadi kesho. Apelekwe kwa mganga wa mifugo.

Nyasi hizo mtu wa Ndera azikaushe mwenyewe mwezi wa Juni, mvua ikishakata, azigeuze juani siku mbili tatu na kuziweka pasipovuja. Mabingobingo machanga na majani ya viazi vitamu ni chakula chema cha kuongezea, lakini yanyaushwe kwanza. Na kuna mmea mmoja wa kuangalia sana, kishona nguo, ambao Wanyarwanda huuita inyabarasanya. Sungura huupenda kupita kiasi. Mpe ukiwa mchanga. Ukishatoa mbegu zake nyeusi zenye miiba, zitaingia katika sufu, na utakaa jioni nzima ukizitoa moja moja huku mnyama akikuchukia.

Sasa kuzalisha, ambako ndiko wengi huvunjika moyo. Yafaa ifahamike kwamba sufu ndefu ni asili ya urithi inayojificha. Wataalamu huiita jeni. Ili mtoto awe na sufu, hana budi kuirithi kwa baba na kwa mama pia. Tuseme jamaa mmoja wa Ndera amepata dume la sufu, naye ana majike ya kawaida. Atakapowapandisha, watoto wote watazaliwa na manyoya mafupi, na jirani atamcheka. Asiwachinje. Kila mmoja wao amebeba sufu ndani yake. Akimrudisha binti kwa dume jingine la sufu, asiye baba yake ikiwezekana, karibu nusu ya wajukuu watakuwa na sufu. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, na sungura wadogo hufaa kupandishwa wakifikia miezi mitano au sita, kwa hiyo kazi hiyo huchukua karibu mwaka kabla mfugaji hajaiona sufu ya kwanza. Kisha huja miaka mingine ya kutafuta udogo na umbo. Jambo moja la kujihadhari: jike liwe kubwa kuliko dume au lilingane nalo. Jike dogo likipandishwa na dume kubwa huweza kushindwa kuzaa na kufa.

Udogo nao una asili yake, na hapa ipo gharama ya pili, ambayo wauzaji wengi hawapendi kuitaja. Sungura kibeti wa kweli amerithi jeni ya udogo kutoka kwa mzazi mmoja tu. Anayeirithi kutoka kwa wote wawili haishi. Huzaliwa akiwa mdogo kuliko ndugu zake, kichwa kimevimba, masikio madogo mno, nyonga zimesinyaa. Wafugaji wa Kizungu humwita karanga. Hufa kwa kawaida siku chache baada ya kuzaliwa, na hapana maziwa wala dawa itakayomwokoa. Mwaka 2017 wataalamu walieleza kwamba sababu yake ni kipande kinachokosekana katika jeni moja iitwayo HMGA2.

Hesabu yake ni hii. Ukipandisha vibeti wawili wazuri, wote washindi, katika kila watoto wanne utegemee, kwa wastani, mmoja afe, wawili wawe vibeti kama wazazi, na mmoja awe mkubwa kidogo, asiyefaa kwa maonyesho. Majike haya huzaa wachache, pengine wawili hadi wanne, kwa hiyo kifo kimoja ni sehemu kubwa ya uzazi wote. Mke wa askari ambaye mumewe yuko kazini mbali, akikuta asubuhi watoto wamekufa katika sanduku la kuzalia, hujilaumu bure. Hudhani alisahau maji au baridi iliingia. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa lilitendwa mwezi mmoja nyuma, siku ya kupandisha.

Njia ya kuepuka ipo, nayo si ngumu. Yule binti aliyezidi uzito, ambaye wengine humuuza kwa nyama, ndiye awe koo wako. Hana jeni ya udogo hata moja, lakini amerithi kichwa, rangi na sufu ya wazazi wake. Mpandishe na dume kibeti: nusu ya watoto watakuwa vibeti, nusu wakubwa, na karanga hatazaliwa hata mmoja. Tena mwili wake mpana huzaa kwa wepesi na mara nyingi huzaa watoto wengi zaidi. Sisi twaona hii ndiyo njia pekee ya haki kwa mtu asiye na vizimba hamsini. Dume dogo liende maonyeshoni likapate tuzo. Koo mkubwa abaki nyumbani azae. Siku ya 28 ya mimba mwekee sanduku lenye nyasi kavu, atang'oa sufu ya kifuani na kuwafunika watoto. Ikiwa sufu yake ni ndefu sana, ipunguze kwa mkasi ndani ya sanduku, ikatwe vipande vifupi, kwani nyuzi ndefu huweza kumzunguka mtoto shingoni au mguuni na kumnyonga.

Kuhusu maonyesho yenyewe hatutasema mengi. Jirani na Ndera, huko Mulindi, kuna uwanja ambako Wizara ya Kilimo huandaa maonyesho ya kilimo na mifugo, na ni mahali pazuri pa kujifunza jinsi mnyama anavyoshikwa na kupimwa. Mwamuzi wa sungura wa nyama hushika mgongo na paja. Wa Angora hutazama sufu, ambayo peke yake huchukua zaidi ya nusu ya alama. Lakini kwa Jersey Wooly kichwa na umbo vina uzito kuliko sufu, na mfugaji aliyejali urefu wa nywele peke yake hurudi mikono mitupu akishangaa. Kwa kanuni za Marekani kila mnyama hutiwa chale ya namba katika sikio la kushoto. Meno yaliyopishana, ukucha uliokosekana au uzito uliozidi humtoa mashindanoni hata awe mzuri namna gani, na kwa hiyo mpime nyumbani kwa mizani ya jikoni siku tatu kabla.

Msafirishe katika sanduku lenye matundu, kila mmoja peke yake, juu ya waya ili asilalie mkojo wake. Siku ya safari mpe nyasi kavu na maji, asipewe majani mabichi. Asiachwe ndani ya gari lililofungwa juani hata kwa muda wa kunywa chai.

Akirudi, awe na tuzo au asiwe nayo, asirudishwe moja kwa moja kati ya wenzake. Uwanjani amekaa karibu na sungura wa watu wengi, na mafua, ukoma wa masikio na magonjwa mengine ya kuambukiza husafiri kwa urahisi katika mikusanyiko hiyo. Mtengee kizimba cha pekee kwa wiki tatu au nne, mlishe wa mwisho baada ya kuwalisha wengine wote, nawa mikono, na chanuo lake lisitumiwe kwa mwingine mpaka lichemshwe.